Hatua Moja Nyuma

Mlimani, 4 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Ukiitikia marahaba nitaisikia huku huku, maana huku juu hakuna kelele ya kuizuia. Natumai wewe na Mzee wako mko salama, na goti halikusumbui sana ukikanyaga cherehani. Dada ameshajifungua? Baba aliniandikia kwamba tumbo limekuwa kubwa mpaka majirani wanabishana kama ni mapacha.

Sisi hatujambo. Tumepanga chumba katika nyumba ya wageni ya mwisho, pale barabara ya magari inapokoma. Baada ya hapo ni mawe, nyasi na ukungu. Chumba chenyewe ukifungua mlango unagonga kitanda, na soksi tunazianika juu ya bomba la jiko. Mume wangu huamka kabla yangu, huchemsha chai, na glavu zangu huzipasha joto kwapani mwake kabla hajaniamsha. Nakuambia haya kwa sababu najua utauliza kama ananitunza.

Kalenda imependwa. Wachapishaji wanataka nyingine ya mwaka ujao, na mimi niwemo tena katika kila mwezi. Unakumbuka ilivyoanza: upepo ulinipokonya kofia, nikaifuata hadi mwambani, na yeye akapiga picha nikiwa na lile koti jekundu ulilonishonea. Mlima mzima na mtu mmoja mdogo mwekundu. Wanasema bila yule mtu hawauoni ukubwa wa mlima. Kwa hiyo kazi yangu sasa ni kusimama. Usicheke. Kusimama nako ni kazi.

Safari hii tuna mwongoza njia, mtu wa makamo ambaye wenyeji wanamwita Taratibu, kwa kuwa ndilo neno analolitumia kuliko yote. Anatufunga kamba kila tukipanda. Ana masharti yake: ukungu ukishuka tunarudi hata kama hatujapiga picha, akitembea mmoja, mwingine asimame, na anayepigwa picha asitembee kinyumenyume hata kidogo. Jana nilisahau hilo la mwisho nikateleza. Si kitu, nimechubuka kiwiko tu.

Wasalimie wote.

Mpwa wako,
Sindano

Shikamoo shangazi. Mimi mkwe wako naongeza mistari miwili hapa chini. Usiwe na wasiwasi. Mpwa wako ana moyo wa simba na kamera inampenda. Kalenda mpya ikitoka, nakala ya kwanza ni yako.


Dukani, 29 Machi

Sindano mwanangu,

Marahaba. Na wewe mkwe, pokea marahaba yako, maana nimeshaelewa kwamba barua zangu zina wasomaji wawili.

Dada yako amejifungua salama. Mtoto ni mmoja, wa kiume, mnene kama mto wa kulalia, na majirani wamenywea. Baba yako anatembea na kalenda kwapani kama cheti cha shule. Akienda kwa kinyozi anaifungua, akienda msibani anaifungua. "Huyu mwekundu ni wangu," anawaambia watu. Mama yako amemkanya, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Mzee hajambo. Mimi siku hizi nalala dukani. Sare za shule zimenizidi, na kwenda na kurudi kunanipotezea muda. Nimetandika godoro nyuma ya meza ya kukatia. Usianze maswali.

Sasa mimi nina langu. Juzi umeme ulikatika, nikawa sina la kufanya, nikaifunua kalenda mwezi mmoja mmoja. Mwanangu, mimi ni fundi. Pindo likipanda upande mmoja nikiwa ng'ambo ya barabara naliona. Januari umesimama katikati ya mwamba. Aprili umesogea ubavuni. Septemba uko kwenye ncha. Desemba sioni jiwe chini ya kisigino chako. Ni jicho langu limechoka, au ndivyo ilivyo?

Koti lile nilichagua jekundu ili ukipotea uonekane. Sikulishona liwe pambo.

Kiwiko kikipona niambie. Kuleni vizuri, wote wawili.

Shangazi yako


Mlimani, 19 Aprili

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na hongera kwa mjukuu. Nimecheka peke yangu niliposoma habari za baba msibani, hadi mwenye nyumba akaja kuchungulia.

Kiwiko kimepona. Mvua imeanza, na siku nyingi tunashinda ndani. Kutoka kitandani hadi dirishani ni pua na mdomo. Mume wangu anasafisha lenzi, mimi nafuma, tukichoka tunabadilishana. Yeye kufuma hajui lakini anajaribu. Amefuma kitu ambacho hakuna kiungo cha binadamu kinachoweza kukivaa.

Taratibu hayuko nasi tena. Kulitokea kutoelewana kidogo kuhusu kamba. Inaonekana kwenye picha, shangazi, inakata mwamba vipande viwili, na wachapishaji walilalamika. Mume wangu alimwomba aifungue kwa dakika chache tu. Yule akasema, "Mimi silipwi kwa dakika zilizo na kamba peke yake." Wakarushiana maneno. Mume wangu akamwambia basi, asante, tutaendelea wenyewe. Taratibu akakunja kamba yake, akanipa mkono, akaondoka. Usijali. Njia tunaijua sasa.

Pole na kazi ya sare. Msalimie Mzee.

Sindano

Shangazi, shikamoo. Ni kweli, njia tunaijua. Picha za mwezi huu zitakuwa bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Mkweo.


Dukani, 8 Mei

Sindano,

Salamu ni nyingi, na watu wote ni wazima isipokuwa mimi. Nimejikata kidole kwa mkasi, kile cha kushikia kitambaa, na kazi imelala mezani. Wateja wananizonga. Sina wa kunisaidia. Wewe mikono yako inaijua meza hii tangu ulipokuwa unatambaa chini yake ukiokota vifungo. Mwambie mumeo akupe ruhusa uje unishike mkono kwa muda. Mkwe, najua una moyo mzuri, hutaniacha nihangaike.

Swali langu la kisigino hukulijibu.

Shangazi yako


Mlimani, 1 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Taratibu mkononi. Anateremka mjini kwenu kununua kamba mpya, nimemwomba apitie dukani kwako. Mume wangu hajaisoma. Nataka unielewe: hajawahi kunikataza kuandika. Ila nikiandika huketi karibu, huuliza, "Leo tumwambie nini shangazi?" na nikimaliza huongeza salamu zake. Kwa hiyo siku zote nimekuwa nikiandika yale ambayo salamu zinaweza kukaa chini yake bila aibu.

Kidole chako hakijaumia. Ungejikata kweli, ungejaza ukurasa mzima kwa kuulaani mkasi na aliyeutengeneza. Asante kwa kujaribu. Mume wangu aliisoma akasema, "Masikini shangazi, tutaenda tukimaliza Desemba." Desemba ya kalenda, si ya mwaka. Ndiyo picha iliyobaki.

Sasa nikujibu. Si jicho lako. Ndivyo ilivyo.

Kuna mwamba hapa wanauita Ulimi, umetokeza nje ya mlima na chini yake ni hewa tupu mpaka mtoni. Mwezi uliopita nilisimama pale bila kamba. Akaniambia, "Hatua moja nyuma." Nikarudi. "Moja tena, ndogo." Nikarudi. Ndipo nikausikia upepo ukipanda mgongoni kutoka chini, nikajua nimefika mwisho. Miguu ikagoma. Nilitaka kwenda mbele na miguu haikunisikia. Nikachuchumaa, nikalala kifudifudi, nikashika jiwe. Nikamwita kwa jina lake. Upepo ulikuwa unaichukua sauti, lakini mlio wa kamera mimi niliusikia. Alikuwa bado anapiga.

Nikatambaa. Sijui ilichukua muda gani. Nilipofika kwenye nyasi alikuja mbio, akanikumbatia, akalia. Alilia kweli, shangazi, machozi yake yaliniingia shingoni. Halafu tukiwa tunakunywa chai akaniuliza kama Alhamisi nitakuwa tayari, maana Ijumaa hali ya hewa itabadilika.

Nikasema ndiyo.

Alhamisi ukungu uliniokoa. Tangu hapo naamka nikiuombea ukungu ushuke. Umeshuka karibu kila siku, nami nashinda nimefungwa humu ndani na mtu anayetazama dirisha, na sijui kipi kinanibana zaidi, mawingu yakiwepo au yakiondoka.

Utasema niondoke. Gari ni moja na funguo ziko mfukoni mwake. Na hata angenipa, nitamwambia nini baba? Na nampenda, hilo nalo liandike. Glavu zangu bado anazipasha joto. Angekuwa mtu mbaya ningekuwa nimeshashuka zamani.

Jambo moja. Nimekulia chini ya meza yako, najua sare hushonwa shule zikikaribia kufunguliwa. Kwa hiyo wewe hulali dukani kwa ajili ya sare. Ulijuaje kwamba umefika mwisho?

Sindano


Dukani, 12 Juni

Sindano mwanangu,

Taratibu alifika nikiwa natia vifungo. Alivua kofia, akakataa kuketi mpaka aitoe barua yako kifuani. Niliisoma mbele yake, nikaisoma tena. Kisha nikamuuliza, "Wewe ndiye uliyemwacha mwanangu bila kamba?"

"Ndiyo, mama," akasema. "Niliambiwa niondoke, nikaondoka kwa hasira. Afadhali ningebaki na hasira yangu pale pale."

Nikamuuliza kama mlima huo ni mbaya.

"Mlima hauna ubaya," akasema. "Watu wanapanda, wanapiga picha, wanarudi wanakunywa supu. Shida ni mtu anayekuja na picha tayari kichwani. Huyo harudi mpaka aipate."

Nilimpa chai. Amekubali kurudi huko. Atakuwa anakaa kibarazani pale nyumba ya wageni, na kamba yake. Hatakuita. Ukimhitaji, yupo.

Na wewe umeniuliza, nami nimezunguka siku mbili na swali lako kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nilikuwa naumwa kifua. Mzee alinipeleka hospitali, mwenyewe, kwa mapenzi yake. Daktari akaniuliza mimi, "Mama, unaumwa wapi?" Mzee akajibu, "Kichwa tu, huyu, na uchovu." Daktari akanitazama mimi, akauliza tena. Mzee akajibu tena. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, nikaufunga. Yule kijana akaandika alichoambiwa. Tukatoka na dawa ya kichwa. Tulipofika njia panda, Mzee akakata kona kwenda nyumbani, mimi nikanyoosha kuja dukani. Hakugeuka. Alidhani niko nyuma yake kama siku zote.

Ni hilo tu. Hajawahi kunipiga, hajawahi kuninyima chakula. Ndiyo maana sikuweza kumweleza mtu. Ningeanzia wapi? Watu wangeuliza, "Sasa kosa lake nini?" Hata wewe nikakuandikia habari za sare. Kifua nimekwenda kutibiwa mwenyewe, kinaendelea vizuri.

Sikuambii umwache mumeo. Mambo ya watu wawili yana sakafu ambayo wa tatu haioni. Nakuambia hili dogo: neno la kukataa usilingoje kule juu ya jiwe. Kule hakuna mazungumzo. Liseme ukiwa umeketi, umekula, miguu iko sakafuni. Mwambie, "Siendi bila kamba." Usiongeze sababu. Ukiongeza sababu atazishughulikia moja moja, na zitaisha.

Nimemwambia Taratibu barua hii akupe wewe mwenyewe.

Shangazi yako


Mji wa chini, 30 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Naanza na hilo ili usisome mengine huku moyo ukienda mbio.

Nilimwambia. Nilikuwa nimeketi, nimekula. "Siendi bila kamba." Hakukasirika. Aliifuta lenzi moja, akaifuta tena, ikawa safi kuliko maji, na bado anaifuta. Mwishowe akasema, "Basi nitasimama mimi. Wewe utabonyeza."

Nikasema Taratibu aje. Akasema aje, lakini kamba ibaki begani. Asubuhi ile anga lilikuwa jeupe pe. Mume wangu alilivaa koti langu, mikono ikamfikia kwenye viwiko, mgongoni mshono ukaachia. Tungekuwa mahali pengine tungecheka. Akaiweka kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu, akanionyesha pa kubonyeza, akatembea kwenye Ulimi kama mtu anayevuka sebule.

Nikatazama ndani ya kamera. Shangazi, mle ndani hakuna shimo. Kuna wekundu, kuna jiwe, kuna mawingu, vyote bapa kama vitambaa vilivyopangwa mezani kwako. Na ilikuwa nzuri, sitakudanganya. Ila alikuwa amesimama mbele kidogo ya pale panapopendeza. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe kumwambia hatua moja nyuma. Neno lilishafika kwenye meno.

Nikaliacha jicho la kamera, nikamtazama kwa macho yangu. Nikamwita, "Njoo. Rudi sasa hivi." Labda kwa jinsi nilivyoita, akageuka kutazama nyuma yake. Hakupaswa kugeuka. Akaketi, akashika jiwe kwa mikono miwili, na hapo akakwama kama nilivyokwama mimi.

Taratibu hakuuliza ruhusa. Aliuzungushia kamba mwamba mkubwa nyuma yetu, akanipa mimi niishike na kuilegeza kidogo kidogo, akajifunga upande wa pili, akaenda kwa tumbo. Muda wote alikuwa anaongea. "Taratibu, bwana. Mkono huu. Sasa goti. Usinitazame mimi, tazama jiwe." Mawingu yalikuwa yameanza kupanda kutoka bondeni. Kamba ilikuwa inatetemeka mikononi mwangu na sikujua ni mimi au ni yeye. Walipofika kwenye nyasi, viganja vyangu havikutaka kufunguka.

Mume wangu alilala chali, anahema. Nikapiga magoti karibu yake, nikampangusa uso. Akafungua macho, akanitazama, akasema, "Ulibonyeza?"

"Hapana."

Akafumba macho. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni ya mtu aliyefiwa. Nikajua akishapumzika ataniomba turudi, ataniomba kwa upole, na siku moja ya upole nitakubali. Nikamwambia Taratibu anishushe.

Tuliteremka kwa miguu. Kifundo kilinigeuka njiani, kimevimba, na daktari wa hapa amesema nisisafiri kwanza. Niko katika chumba cha kupanga nyuma ya soko. Dirisha linatazama ukuta. Nasikia watu wananunua na kuuza mchana kutwa, mimi nimelala na mguu juu ya mto. Sijui kama nimemwacha. Yeye hajui niliko. Usimwambie baba kwanza.

Sindano


Dukani, 11 Julai

Sindano mwanangu,

Marahaba, na pole kwa mguu. Uweke juu, uufunge vizuri, usijifanye shujaa.

Barua yako ilifika siku moja na mumeo. Barua asubuhi, yeye mchana. Nilikuwa nayo mfukoni mwa aproni alipoingia. Alinisalimia kwa adabu, akaketi kwenye benchi na wateja waliongoja kupimwa, akangoja mpaka wote walipokwisha. Amekonda. Ndevu zimemwota bila mpango.

"Yuko wapi, shangazi?"

"Yuko salama."

"Ananichukia?"

"Sikutumwa kusema hilo."

Kisha akatoa picha katika bahasha kubwa, akaiweka mezani juu ya kitambaa cha mtu. Alisema ni ya siku ile ya mwezi wa tano. Alikwenda kwa mchapaji kuona kama inaweza kuwa Desemba, kwa kuwa hana nyingine. Mchapaji akaikuza ili waione vizuri, na mumeo alipoiona akamwagiza akuze pale katikati tu.

Nimeitazama, mwanangu. Umelala kifudifudi. Vidole vimeshika jiwe. Uso umeelekea kwenye kamera, na mdomo uko wazi.

"Kule juu alikuwa mdogo kama punje," akaniambia. "Nilidhani anatafuta mkao." Akasema tena, "Nilidhani anatafuta mkao."

Sikumsaidia. Mtu akilia mbele yangu mkono wangu hutafuta kitambaa wenyewe, lakini siku ile niliukalia. Alipotaka kuondoka aliiacha picha mezani. Nikaitia ndani ya bahasha yake, nikamrudishia. "Hii ni yako," nikamwambia. "Ukae nayo." Mlangoni akauliza sasa Desemba atawaambia nini wachapishaji. Nikamwambia Desemba itafika hata bila picha.

Je, amebadilika? Sijui. Kujuta kwenye tambarare ni rahisi. Mzee naye amepita hapa juzi, amesimama mlangoni, akaniuliza leo tunakula nini. Nikamwambia yeye sijui atapika nini, mimi nina mkate. Alicheka kidogo, halafu akaona sicheki. Akaniuliza, kwa mara ya kwanza, kifua kinaendeleaje. Nikamjibu kwa mdomo wangu. Amekwenda zake. Hilo nalo sijui litafika wapi.

Mguu ukipona, njoo. Godoro ni moja, duka halina dirisha la nyuma, na mimi nakoroma. Siwezi kukuahidi nafasi. Baba yako nitamkabili mimi, yule ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni.

Jambo moja nikuambie ili usishtuke. Gari la mumeo liko ng'ambo ya barabara ninapoandika. Anakuja asubuhi, anakaa ndani yake, jioni anaondoka. Haingii, haniulizi kitu. Sijamfukuza, na sijampelekea chai. Siku utakayofika utapita karibu naye. Ukitaka kusimama, simama. Ukitaka kupita, pita. Mimi sitatoka kukupokea, maana nikitoka nitakuwa nimekuamulia. Mlango nitauacha wazi, nami nitakuwa ndani natia vifungo.

Shangazi yako